Duka la fotokopi la Wandegeya linalosoma bango lako kabla ya kuliprinti

Nianze na bei, maana najua wengine mtasoma hapo tu kisha mtaondoka. Fotokopi shilingi 100 za Uganda kwa ukurasa. Kuprinti nyeusi 200, rangi 1,000. Kuchapiwa maandishi ya mkono 1,500 kwa ukurasa. Kubana kwa spairo 3,000, jalada la plastiki limo humo humo. Kuskani na kutumiwa kwa WhatsApp 500. Si bei za chini kabisa kwa Wandegeya, mtaa wa Kampala ulio jirani na Chuo cha Makerere. Ukizunguka nyuma ya soko utampata kijana wa kukuprintia kwa 150 na atakushukuru. Kwa hiyo kama shida yako ni shilingi hamsini, umeshapata jibu.

Mimi naandika kwa sababu ya jambo ambalo wateja wengi wanalilalamikia: mwenye duka husoma. Unampa flashi, anafungua faili, anashusha miwani kutoka kwenye kichwa, na anasoma. Kazi ikiwa fupi anaisoma yote. Ikiwa ndefu anasoma mwanzo, anaruka tumbo, anasoma mwisho. Halafu anakuuliza swali, na mara nyingi ni swali ambalo hukutaka kuulizwa. Ukiwa na kosiweki, yaani kazi ya darasa, ya kuwasilisha ndani ya nusu saa utatamani kumnyang'anya flashi yako. Ukiwa unaandaa waraka wa kupeleka Bungeni, basi sijui duka lingine Kampala la kukufaa kama hili.

Jina lake sitalitaja, wala la duka. Ameomba hivyo mwenyewe, na mkisoma mpaka chini mtaelewa kwa nini. Sisi tunamwita Hajati. Ni Mnubi wa Bombo, na Kiswahili chake kimetoka nyumbani, hakikutoka darasani. Wandegeya ni mahali pa Kiganda, lakini hapo kwake utawakuta Wakongo, Wakenya, Watanzania na sisi wa Arua tumebanana kwenye benchi la watu watatu, kila mmoja akijibiwa kwa Kiswahili. Kwa mwanafunzi wa ualimu anayesomea kufundisha lugha hiyo hiyo, benchi hilo limenifaa kuliko baadhi ya mihadhara.

Tulimwendea msimu wa bajeti. Kwa asiyejua, mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai, lakini mambo huamuliwa kabla. Mpango wa awali wa bajeti hufika Bungeni mwishoni mwa Desemba, taarifa za sera za wizara huja katikati ya Machi, na kufikia mwisho wa Mei Bunge linatakiwa liwe limeshapitisha. Hotuba ya Juni, ile ya waziri na mkoba na suti mpya, huja mambo yakiwa yameiva. Mwanafunzi anayeandamana Juni anaandamania sahani iliyokwisha kuoshwa. Sisi tulikuwa kikundi cha wanafunzi kutoka vyuo kadhaa vya umma, wengi wetu wa ualimu, na tulitaka kuwahi kabla ya Mei: waraka kwa Spika, nakala kwa wabunge wa kamati ya elimu, na mabango ya kusimama nayo siku ya kuupeleka.

Hoja yetu haikuwa ngeni. UPE, elimu ya msingi ya bure kwa wote, ilianza 1997, elimu ya sekondari ya bure ikafuata 2007, watoto wakajaa madarasani, na fungu la elimu katika bajeti likawa linapungua kiasilimia huku bajeti yenyewe ikinenepa. Ukisikia waziri anasema elimu imeongezewa mabilioni, anaweza kuwa anasema kweli. Angalia kama keki nzima imekua kuliko kipande chako. Hapo ndipo wanapokata bila kushika kisu, na ndiyo maana ni vigumu kupata bango la kulisema.

Bango la kwanza tulilompelekea Hajati liliandikwa SERIKALI HAIJALI ELIMU. Alilisoma, akaliacha kwenye skrini.

"Nani atabisha?" akauliza.

Hakuna aliyejibu.

"Na nani atasimama kulisoma? Hili limebebwa tangu nikiwa msichana. Bajeti ya mwaka huu ni ngapi?"

Tulikuwa na jibu: trilioni 72.4, mwaka wa fedha 2025/26. Akauliza tunataka elimu ipate ngapi. Tukamwambia kuhusu Azimio la Incheon la 2015, lile la Korea Kusini, ambapo nchi zilikubaliana elimu ipate angalau asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya serikali. Akamgeukia mpwa wake, anayeendesha mashine ya fotokopi, akamwambia apige asilimia 15 ya trilioni 72.4. Kijana akapiga kwenye simu: 10.86.

"Elimu inapata trilioni kumi na nukta themanini na sita?"

"Haifiki huko, Hajati."

"Basi andikeni hivyo, waje wabishane na kikokotoo."

Tuliandika hivyo. Bango likawa na mistari miwili, tarakimu kubwa juu, na chini yake ELIMU HAIFIKI HAPA. Na hapa lazima niseme kwamba si wote tuliofurahi. Mwenzetu mmoja wa sheria, mtu wa kelele na wa moyo, alisema tumegeuza maandamano kuwa mtihani wa hesabu. Kwamba bango ni la hasira, na hasira haina desimali. Nadhani alikuwa na haki nusu. Bango la tarakimu nne halisomeki kutoka juu ya boda inayopita, na askari anayekuja kukunyang'anya hana muda wa kugawa kwa mia. Kwa mabango, Hajati hupenda maneno mengi mno, na mkienda kwake kateni wenyewe kabla hajaongeza. Ila kwenye waraka sioni anayemshinda.

Waraka wetu ulikuwa wa Kiingereza, kurasa sita. Aliusoma wote huku watu wakisubiri na kunung'unika. Aliuliza kwa nini ombi letu lenyewe liko ukurasa wa tano. Mbunge, alisema, ana karatasi nyingi mezani. Mwambieni mnataka nini mwanzo, sababu zifuate. Halafu akafika kwenye orodha ya saini. Tulikuwa tumepanga karatasi za saini peke yake, majina na namba za usajili, hazina kitu kingine. Akakataa kuziprinti. Karatasi ya saini isiyo na ombi juu yake, alisema, mtu anaweza kuibandika nyuma ya ombi lolote, hata la kumpongeza huyo mnayemlalamikia. Akatuwekea sentensi mbili za ombi juu ya kila ukurasa wa saini, na namba ya ukurasa chini: 7 kati ya 19, 8 kati ya 19. Hakututoza kwa kazi hiyo. Alitutoza karatasi zilizoharibika, hata hivyo, na hazikuharibiwa na sisi.

Sehemu ya pili ya waraka ilikuwa ya mishahara, na hii ndiyo iliyonigusa mimi. Serikali ilipoamua kupandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, wa sanaa alibaki na milioni moja na kitu. Juni 2022 walimu waligoma chini ya UNATU, chama cha walimu cha Uganda, kwa sababu hiyo. Mwezi uliofuata, Julai 2022, Baraza la Mawaziri likapitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Sasa fikirini: somo ni la lazima, mwalimu wake amewekwa upande wa sanaa. Nilitaka hilo liwe bango, la Kiswahili, ili hata yule askari wa lango alielewe. Mwenzetu aliandika KISWAHILI LUGHA RASMI, MSHAHARA ROBO.

Hajati akauliza: "Robo ya milioni nne ni ngapi?"

"Milioni moja."

"Na mnapata moja kamili?"

"Moja na kitu."

"Basi si robo. Mtu wa wizara akilisoma hilo atasema watoto hawajui hesabu, na hatasoma jingine." Tulivutana hapo muda mrefu, mpwa wake akawa amepitisha wateja wengine. Mwishowe ikawa CHINI YA THELUTHI. Halina mdundo wa kwanza, nakiri, lakini mpaka leo hakuna aliyeweza kulipinga, na wamejaribu.

Kuna jambo lingine kuhusu duka hili ambalo hulipati ukiprinti bwenini: watu wa kwenye benchi. Tulikuwa na bango la kuwakumbuka wanafunzi wawili waliouawa kwa risasi Makerere wakati wa mgomo uliohusu kuondolewa kwa posho, na mwaka tulioandika ulikuwa 1991. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri fotokopi za mitihani, mhadhiri kwa sura na kwa koti, alisema bila kuinua kichwa, "Desemba 1990." Akaendelea kuhesabu karatasi zake. Hajati akarekebisha. Mzee alipokuwa anaondoka alituambia tusisahau kwamba baada ya hapo ndipo walipofungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia, miaka ya tisini mwanzoni, na kwamba yeye alidhani ingekuwa kwa muda tu. Sote kwenye benchi lile tulikuwa wa kujilipia, isipokuwa mmoja.

Msimamo wa Hajati kuhusu maandamano yenyewe msiutafute, hautawapendeza. Hayuko upande wetu. Anasema wazi kwamba hatatoka dukani kwake kwenda kusimama na mtu yeyote, na kwamba angekuwa na binti chuoni angemfungia ndani siku hiyo. Oktoba 2019, wakati Makerere iliposimama kupinga nyongeza ya ada ya asilimia 15 kila mwaka, yeye alikuwa hapa hapa. Anakumbuka walivyotangulia wasichana, kwa kudhani watavumiliwa kidogo, na anakumbuka kwamba hawakuvumiliwa. Anakumbuka moshi wa machozi na habari za wanajeshi kuingia mabwenini usiku. Aliteremsha mlango wa bati akiwa na wateja ndani, na walikaa humo gizani mpaka kulipotulia. Anasimulia hivyo huku anapanga karatasi, kisha anadai pesa zake.

Lakini anaprinti, na hilo kwa sasa si jambo dogo. Tangu Julai 2024, vijana walipokamatwa wakielekea Bungeni kupinga ufisadi, wenye printa wengi mjini wamekuwa waoga. Wakiliona neno maandamano kwenye skrini, mashine inaharibika papo hapo. Tuliharibikiwa na mashine kama hizo kabla ya kufika kwake. Masharti yake ni matatu na hayajadiliwi: hamna kumtukana mtu kwa jina, hamna namba ya simu wala nyumba ya mtu, na hamna kugushi. Ukimwomba akutengenezee muhuri au barua ya ofisi fulani atakuonyesha barabara ya kwenda Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala unaosifika pia kwa nyaraka za kugushi, na wanaoijua wanacheka. Kazi za kitaaluma vilevile. Atakuchapia, hatakuandikia. Wapo wengi eneo hilo watakaokuandikia utafiti mzima kwa bei ya simu, yeye siye.

Sasa daftari. Hili sijui kama nilisifu au nilionee huruma. Bodi ya mikopo ya wanafunzi ilianza mwaka 2014, na mkopo wake hulipa ada, michango ya chuo na utafiti. Chakula haulipi, chumba haulipi, na fotokopi za kila wiki haulipi. Fotokopi ndizo vitabu vyetu. Mwalimu anaacha nakala moja kwenye duka, darasa zima linakuja kuitoa. Mwenye pesa anatoa kitabu kizima, asiye nazo anatoa sura inayokuja kwenye mtihani na kuomba Mungu. Hajati ana daftari la jalada gumu: jina, namba ya usajili, kiasi, tarehe. Mwisho ni shilingi 10,000 kwa mtu, haina riba, na ukimaliza muhula hujalipa jina lako linahamia ukurasa wa nyuma, ambao huufungua mbele ya kila mtu. Miezi ambayo posho za wanafunzi wanaolipiwa na serikali zinachelewa, daftari hujaa haraka na yeye mwenyewe huanza kununua karatasi kwa deni. Tulimwambia tuweke picha ya daftari kwenye waraka, majina yakiwa yamefunikwa. Alikataa. Alisema watu walimkopa wao, hawakulikopa Bunge.

Mabaya sasa, maana nimemsifu vya kutosha.

Faragha hakuna. Anasoma kwa sauti. Barua ya kuomba kazi ya jamaa mmoja tuliisikia wote mpaka mwisho, na benchi zima likamshauri aondoe aya ya tatu. Ukiwa na matokeo ya hospitali, barua ya mchumba au barua ya kukata rufaa kwa sababu umekamatwa na karatasi kwenye chumba cha mtihani, nenda kwingine, nakusihi.

Rangi ni mbovu. Tuliprinti bendera ya taifa kwenye jalada la waraka, nyekundu ikatoka waridi na korongo akawa na alama ya mstari tumboni, kwa sababu printa huacha mstari mweusi upande wa kushoto na mpwa anadai ni karatasi. Si karatasi. Umeme ukikatika hana jenereta. Anakaa nje kwenye kiti cha plastiki na anasubiri, nanyi mnasubiri. Mwisho wa muhula foleni inafika kwa muuza roleksi, zile chapati za mayai, mlangoni, na hapo pana hatari nyingine: ukiingia na mafuta ya chapati mkononi unatolewa nje kama umeingia msikitini na viatu. Na hana mashine ya karatasi kubwa. Bango huprintiwa vipande vya A4 kisha mnaunganisha wenyewe kwenye manila kwa gundi, sakafuni kwake, akikuambieni mmepinda.

Siku yenyewe tulikuwa wachache kuliko saini. Waraka ulipokelewa, nakala yetu ikagongwa muhuri, mabango mawili yalibaki kwa askari wa lango na hatukuyafuata. Karani aliyepokea aligeuza kurasa za saini, akaona namba na lile ombi juu ya kila ukurasa, akauliza nani alitupangia. Tukasema tulipanga wenyewe.

Mkiwa na waraka, ombi la rufaa, malalamiko ya ada au barua yoyote ya kwenda kwa mkubwa, nendeni asubuhi siku za katikati ya wiki, mapema, kabla foleni haijaanza, na mwende na takwimu zenu tayari na mahali mlipozitoa, kwa maana atauliza. Flashi ataiskani kwanza kwa virusi, vumilieni. Ijumaa hufunga kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane na nusu kwa swala, kisha huendelea mpaka usiku. Malipo ni taslimu au kwa simu, ila kwa simu anaongeza gharama ya kutoa. Wale wa mabango ya rangi na turubai kubwa, mpeni ayasome kwanza, mlipe 200 ya nakala moja nyeusi, kisha mpeleke faili Nasser Road.